Trekta Jekundu la South Bend

Barabara ya kulipia inayotoka Chicago kuelekea mashariki hupita kwanza Gary, mji ulioanzishwa na kampuni ya U.S. Steel mwaka 1906 kwa ajili ya viwanda vyake vya chuma. Ukishaviacha nyuma viwanda na moshi wake, mahindi yanaanza, na hayaishi. Upande wa kushoto, nyuma ya vilima vya mchanga, kuna Ziwa Michigan, kilomita za mraba kama 58,000. Shemeji, aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege, alilitaja kwa majivuno ya mwenyeji. Nikamkumbusha kwamba Viktoria ni kubwa kuliko hilo.

"Kweli, shem," akasema. "Lakini hili unaoga bila kugeuka nyuma kutazama mamba."

Dada yangu na mumewe wanaishi kaskazini mwa Indiana, jirani na mji wa Goshen. Shemeji anafanya kazi Elkhart, kwenye kiwanda cha zile nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani huzivuta nyuma ya gari wakienda likizo. Elkhart hujiita makao makuu ya dunia ya nyumba hizo, na ukipita viwanja vyake ukaona zilivyopangwa safu kwa safu huoni sababu ya kubisha.

Mimi mtoto wa Korogwe, mahindi hayanitishi, ila haya yalinishangaza. Ni ya njano, yamepandwa kwa mstari ulionyooka mpaka macho yanachoka, na karibu yote hayaelekei kwenye chungu cha mtu. Mengi ni ya ng'ombe na nguruwe, na kama theluthi ya mahindi ya Marekani hugeuzwa kuwa pombe ya kuchanganya na petroli. Nyumba ya dada imezungukwa na mahindi pande tatu, lakini unga wa ugali anaufuata mjini Goshen, kwenye duka la Wameksiko. Mfuko wa kwanza ulimponza: ulikuwa unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, wa kupikia chapati zao, ugali ukagoma kushikana. Siku hizi anasoma maandishi ya mfuko mpaka mwisho.

Upande wa nne wa nyumba ni nyasi. Ekari nzima na ushei ya nyasi ambazo haziliwi na mnyama wala hazichezewi mpira. Nilipouliza ni za nini, dada alifungua droo akanitolea barua ya halmashauri ya mji wao. Ilisema, kwa lugha ya adabu, kwamba majani yao yamepita urefu unaoruhusiwa, na wasipoyakata ndani ya muda uliotajwa, mji utaleta watu wa kuyakata na wao watatumiwa bili.

"Unamkumbuka mama na ufagio wa chelewa?" akaniuliza.

Nani amsahau. Alfajiri tulikuwa tunafagia uwanja hadi ardhi inabaki wazi, na mistari ya ufagio imelala upande mmoja. Jani lililothubutu kuchomoza karibu na mlango liling'olewa, kwanza kwa sababu ya nyoka, pili kwa sababu ya aibu: mgeni atasema nyumba hii haina watu. Indiana aibu ni ileile, imegeuzwa tu. Uwanja usio na nyasi ndio unaosema nyumba haina watu. Mwaka 2005 watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria kwamba nyasi za namna hii Marekani nzima zinafunika kilomita za mraba zaidi ya 160,000. Hiyo ni kama sehemu moja ya sita ya Tanzania, inamwagiliwa, inatiwa mbolea, kisha inakatwa kila wiki ili isipate faida ya mbolea yenyewe. Nimejaribu kulielewa jambo hili kwa moyo mweupe, sijafaulu.

Basi shemeji alihitaji mashine. Angeweza kwenda dukani kukopa mpya, kama majirani wengi. Badala yake alinunua trekta dogo jekundu kutoka kwa mzee wa nyumba ya pili, na hapo ndipo likizo yangu ilipobadilika sura.

Trekta la bustani si lile la kulimia shamba, wala si ile mashine nyepesi ya kukalia inayouzwa kwenye maduka makubwa. Liko katikati: kimo cha kiuno, gia zake zimefungwa kwenye chuma cha kusubu, lina nguvu ya kuvuta jembe dogo, na tumboni unaweza kukifunga au kukifungua kifaa unachotaka. Hili lilikuwa Wheel Horse la miaka ya 1970, lenye injini ya Kohler ya silinda moja. Matrekta hayo yalizaliwa South Bend, mwendo mfupi tu kutoka kwa dada, ambako Elmer Pond na mwanawe Cecil walianza kuyaunda mwaka 1946. Mwaka 1974 kampuni ilinunuliwa na American Motors, waliokuwa wakitengeneza Jeep, na mwaka 1986 ikaangukia kwa Toro. South Bend hayatengenezwi tena. Hata magari ya Studebaker, yaliyoulisha mji ule kwa vizazi, yaliacha kutengenezwa pale Desemba 1963. Baba wa mzee yule alikuwa mmoja wa waliorudi nyumbani na sanduku la vifaa mwezi huo. Sanduku lenyewe bado linatumika, na nilikatazwa kulikalia.

Injini iliwaka mara ya kwanza tu. Ugonjwa ulikuwa tumboni, kwenye deki ya visu. Deki ni sufuria kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi, ndani yake visu vitatu vinazunguka, kila kimoja kwenye shafti yake. Kinachoiua siyo mawe wala visiki. Ni nyasi mbichi zinazoganda kwa ndani, kazi ikiisha jioni hakuna anayeinama kuzikwangua, zinakaa na unyevu wao mpaka wiki inayofuata. Baada ya karibu nusu karne ya jioni za namna hiyo, deki ya shemeji ilikuwa na rangi nzuri juu na hewa chini. Mzee aliigonga kwa nyundo ndogo pembeni mwa shafti ya katikati, nyundo ikapita upande wa pili. Shafti hiyo inazungusha kipande cha chuma chenye makali, miguu ya mtu ikiwa karibu. Hakuna aliyesema neno. Mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala lake.

Alirudi na deki nyingine, ya inchi 48, ameiburuza kwenye toroli. Aliinunua kwenye mnada wa shamba fulani kwa dola chache. Ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, lebo imefutika, na kutu yake ilikuwa ya kukwanguka. "Chuma chake ni kinene," akasema. "Mengine ni hesabu."

Nimekulia karibu na karakana za mkonge. Baba mdogo alikuwa fundi wa mashine za korona, zile za kuchakata majani ya mkonge, nazo kwenye mashamba mengine ziliendelea kuzunguka miaka mingi baada ya waliozileta kuondoka, kwa sababu mafundi walijifunza kukata spea ya mashine hii kutoka kwenye kifo cha mashine ile. Kwa hiyo nilipoona deki mbili zimelazwa sakafuni bega kwa bega, na mzee anazizunguka kimya huku mkono umeshika kipimo, nilijua niko wapi. Nikavua saa.

Kukwangua ile deki ya mnada kulikuwa kazi yangu na shemeji. Nyasi kavu zilizogandana na udongo zilibanduka kwa mapande, chini yake kutu, chini ya kutu chuma kilichopungua. Palipotoboka mzee alikata kwa grenda mpaka akafika kwenye chuma kizima, akapima kiraka kutoka bamba la milimita tatu, akachomelea kidogo hapa, akahamia upande wa pili, akarudi, ili bamba lisijikunje kwa joto. Hakuwa na haraka na hakuwa mtu wa mapambo. Nilipomwuliza kama atapaka rangi ya ndani, alisema nyasi zitaila kabla ya mwezi kwisha, afadhali mwenye trekta ajifunze kuinama.

Kisha beringi. Alizitoa kwenye vikombe vyake kwa kugonga kwa mti, zikaanguka zikiwa zinasaga. Alifuta moja kwa kitambaa akanipa nisome namba kwa kuwa macho yake hayafiki: 6204. Nilicheka kwa sauti. Tundu milimita 20, nje 47, unene 14, iwe Indiana iwe Gerezani, Dar es Salaam. Hiyo ningeiagiza huko kwa kutaja namba tu, na kijana wa duka angenirushia bila kunyanyuka kwenye kiti. Mpya zilikuja zimefunikwa kwa mpira pande zote mbili. Mzee akafanya jambo ambalo baba mdogo angelipigia makofi: kwa ncha ya kisu cha mfukoni alibandua kifuniko kimoja tu cha kila beringi, kile cha upande wa ndani. Kwa nini? Shafti ina chuchu ya grisi. Vifuniko vyote vikibaki, grisi unayoisukuma inajaa kwenye kikombe na beringi haioni hata tone. Cha nje kinabaki ili kuzuia vumbi.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye mkanda. Deki ile iliumbwa kwa trekta ambalo injini yake imesimama, shafti inatazama ardhini, mkanda unatoka chini yake ukiwa umelala sambamba na deki. Kohler ya Wheel Horse imelala. Puli yake iko ubavuni na inazunguka kama gurudumu la baiskeli. Mkanda lazima ushuke, upite kwenye puli mbili ndogo chini ya pua ya trekta, ujigeuze robo ya mzunguko, ndipo urudi nyuma kuizungusha deki. Mzee akaamua kufunga puli ya mifereji miwili kwenye shafti ya katikati: mfereji mmoja upokee mkanda wa injini, wa pili uendeshe mkanda wa deki yenyewe unaozunguka visu vyote vitatu.

Puli ya ukubwa gani? Hapo ndipo alipochukua kipande cha boksi na penseli. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Puli yake ni inchi 6. Puli iliyokuwepo kwenye deki ilikuwa inchi 4 na nusu; ukiiacha hiyo, visu vitazunguka mara 4,800. Kisu kinazidi inchi 16 kidogo, kwa hiyo ncha yake ingekimbia zaidi ya futi 20,000 kwa dakika. Kanuni ya usalama ya Marekani inaishia futi 19,000, ambazo ni kama kilomita 347 kwa saa. Kisu kikipita hapo kinaweza kukatika, na jiwe likipigwa linatoka kama risasi. Akajaribu inchi 5 na nusu: mizunguko haifiki 4,000, ncha inabaki kwenye futi 17,000 hivi. Akaipigia mstari mara mbili. Shemeji alilipiga picha boksi lile.

Puli ya inchi 5 na nusu ilipatikana, lakini tundu lake lilikuwa pana kuliko shafti. Ilihitajika bushi, na bushi inahitaji mashine ya kukereza. "Twende kwa Waamish," mzee akasema.

Wilaya zile zimejaa Waamish, Wakristo waliokataa kuungwa na waya za umeme na kumiliki magari. Unawapita barabarani kwenye vigari vyeusi vya farasi, wanaume na kofia za majani, akina mama na vitambaa vyeupe kichwani. Kila kanisa la eneo lina sheria zake juu ya kipi kinaruhusiwa. Njiani nilimwona binti akisukuma mashine ya kukata nyasi isiyo na injini, ile ya visu vilivyoviringishwa kwenye pipa. Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830 baada ya kuona mashine ya kupunguza manyoya ya kitambaa kiwandani. Nyasi za binti yule zilikuwa fupi na sawa kuliko za mtu yeyote niliyemwona Indiana.

Karakana ilikuwa banda refu lenye madirisha ya kwenye paa. Hakuna taa. Dizeli ilikuwa inanguruma kwenye chumba cha pembeni, shafti moja ndefu ikipita juu chini ya dari, na kila mashine ikichota nguvu kwa mkanda wake. Nilisimama mlangoni. Mara ya mwisho kuona mikanda ikishuka kutoka darini nilikuwa mtoto nimetumwa kumpelekea baba mdogo chai. Fundi, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zisizo na sharubu, alipokea puli bila salamu nyingi, akaitazama, akauliza maswali mawili, akafunga kipande cha chuma kwenye mashine. Unyoya wa chuma ulianza kujikunja ukianguka. Nilipogusa simu, mzee akanishika kiwiko: hawapendi kupigwa picha. Nikaiacha mfukoni. Bushi iliingia kwa kubonyezwa na kidole gumba, ikakaa. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kiasi kwamba shemeji aliuliza tena.

Ndani ya gari nilikuwa nikipiga hesabu. Kwenye gereji ya kawaida ya huko fundi anatozwa kwa saa, na saa tatu za kazi zinazidi bei ya trekta lenyewe. Ndiyo maana kitu kikiharibika kinasogezwa barabarani na kibao cha "bure." Kwetu ni kinyume: mashine ndiyo ghali, mkono wa fundi ndio rahisi, hivyo tunachomelea, tunafunga waya, tunaendelea. Indiana niliwaona wanaotengeneza ni wale tu ambao hawahesabu saa zao: mstaafu mwenye ghala, na Mwamish ambaye ameamua kuishi kwa saa nyingine kabisa. Sipendi sana hitimisho hilo, kwa sababu kwetu nako mambo yanasogea. Pembeni mwa barabara za Tanzania yale mafyekeo tuliyokuwa tunapewa shuleni kama adhabu yanaachia nafasi mashine za kubeba begani, za bei nafuu, na nimeshaona kadhaa zimetupwa kwa kukosa kipuri kidogo ambacho hakuna aliyekileta. Kijana wa Gerezani anaweza kukikereza. Tatizo ni kwamba mpya imekuwa rahisi kuliko chakula chake cha mchana.

Jioni ile mke wa mzee alitualika. Chakula cha kwao ni tambi nene zilizopikwa kwenye mchuzi wa kuku, zikamwagwa juu ya viazi vya kupondwa, pembeni mahindi matamu ya kuchemsha yenye siagi. Wanga juu ya wanga, na wanga wa ziada. Dada alikuwa ameleta pilau, kwa hiyo meza ilikamilika. Mzee alikula pilau kwa uangalifu wa mtu anayekagua beringi, akatoa iliki mdomoni, akaitazama kwenye mwanga, akauliza kama hii nayo ina namba. Halafu akaongeza sahani.

Asubuhi tuliipandisha deki tumboni mwa trekta. Vishikio vya kuninginizia havikulingana hata kimoja; mzee alikuwa ameunda vipya kutoka vyuma bapa, na tundu refu badala ya la duara ili deki iweze kusogezwa. Mkanda ukapitishwa. Shemeji alikuwa tayari ameshika ufunguo, mzee akamwambia angoje. Akachora alama ya chaki juu ya puli, akaondoa waya wa plagi, akaniambia nizungushe injini kwa mkono polepole. Yeye alilala chali na kioo kidogo. Kisu kilikuwa kinakuja na mgongo. Upande wenye makali ulikuwa unakimbia nyasi, na lile bawa lililoinuliwa nyuma yake, ambalo kazi yake ni kuvuta upepo ili nyasi zisimame zikatwe kisha zirushwe nje, lilikuwa linasukuma upepo chini. Kosa lilikuwa kwenye robo ile ya mzunguko: mkanda ulijipindia upande usio wake. Aliutoa, akaupindua kinyume, alama ya chaki ikaenda upande wa pili.

Kilichobaki ni kusawazisha. Trekta lilisukumwa hadi kwenye saruji, tairi zikapimwa upepo, na mzee akashusha mbele ya deki kidogo kuliko nyuma, chini ya nusu inchi, ili kisu kikate nyasi kikielekea mbele tu na kisizisage tena kikirudi. Shemeji akapanda. Deki ilipoanza kuzunguka ilitoa sauti moja, nzito, haina kelele ya chuma. Aliendesha kutoka uzio hadi barabarani na kurudi, akaacha michirizi miwili ya kijani hafifu na kijani iliyokolea, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini watu wazima wa nchi ile hukaa kwenye ngazi za nyumba zao jioni wakitazama nyasi.

Dada alitoka na kikombe cha chai, akahesabu kwa vidole: beringi sita, mikanda miwili, puli, bushi, gesi ya kuchomelea, na siku za mdogo wake aliyetoka Tanzania kuja kumtembelea. "Mashine mpya ingekuwa imeshakata na kulala," akasema.

"Mpya haiwezi kusukuma theluji," shemeji akamjibu kutoka juu ya kiti.

Alikuwa ameshaonyeshwa. Nyuma ya ghala la mzee, kwenye magugu ambayo halmashauri haiyaoni, kuna bamba la kusukumia theluji la trekta la kampuni nyingine. Mzee anasema chuma chake ni kinene. Vishikio, nimeambiwa, havilingani.